Jinsi ya Kutoa Maoni Juu ya Wazo la Hadithi ya Filamu: Mwongozo Kamili

Mtu akikutumia wazo la filamu yake, mistari mitatu au minne, anakuomba jambo kubwa kuliko urefu wa maandishi hayo. Skripti ya filamu ya saa moja na nusu ina kurasa kama 90, kwa kuwa ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini. Kuziandika kurasa hizo kunakula miezi ya maisha ya mtu. Kasoro inayoonekana leo katika mistari mitatu inarekebishika kwa jioni moja. Kasoro hiyohiyo ikigundulika baada ya kamera kukodiwa na waigizaji kulipwa posho, inabaki kufichwafichwa kwenye uhariri, na mtazamaji bado ataiona.

Pamoja na hayo, wengi wetu tukiombwa maoni tunajibu kwa njia mbili tu. Kuna "iko vizuri sana, hongera, Mungu akutangulie", na kuna "hii imeshafanywa, tafuta nyingine". Jibu la kwanza linamwacha mwandishi na furaha ya saa moja, la pili linamwacha na donge kooni, na yote mawili yanamwacha palepale alipokuwa. Mimi naamini maoni mazuri yana kazi moja: kumsaidia mwandishi aione hadithi yake kwa uwazi kuliko alivyoiona alipoileta. Hatua zifuatazo zinaelekea huko.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja na kwenda nao. Wazo limekuja hivi:

"Msichana kutoka kijijini anakuja Dar es Salaam kumtafuta kaka yake aliyeiba pesa za mama. Mjini anakutana na changamoto nyingi, lakini mwisho anafanikiwa."

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kusema lolote

Anza na maswali machache ya kujua unatoa maoni juu ya nini. Je, ni filamu fupi, filamu ndefu au tamthilia ya vipindi vingi? Anaiandikia chaneli ya televisheni, tamasha, au atairusha mwenyewe YouTube? Ameanza kuandika au bado anatafakari? Anataka maoni ya aina gani? Aliye kwenye wiki ya kwanza ya kuwaza anahitaji kuulizwa mambo mapana. Aliye na miadi na prodyuza kesho asubuhi anahitaji kusaidiwa kunyoosha sentensi, na huu si wakati wa kumwambia abadilishe mhusika mkuu.

Kisha uliza swali ambalo kwangu linazidi mengine yote: ni kitu gani kilichokufanya usiiache hadithi hii?

Usishangae jibu likiwa bora kuliko wazo lenyewe. Katika mfano wetu, chukulia mwandishi anajibu: "Shangazi aliyenilea alikuwa mweka hazina wa kikoba. Mwaka mmoja hesabu zilipishana karibu na siku ya kuvunja. Niliona alivyokonda wiki ile." Kikoba ni kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na siku ya kuvunja ndiyo siku ya kugawana. Hapo ndipo roho ya hadithi ilipo, na haimo kabisa kwenye mistari aliyokutumia. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwandishi huogopa kwamba jambo lililomgusa ni dogo mno kwa filamu, akalifunika kwa maneno ya jumla. Kazi yako ya kwanza ni kumwambia: hicho ulichoniambia sasa hivi, kiandike.

Hatua ya 2: Soma mara mbili, kisha mrudishie hadithi yake

Msomo wa kwanza uwe wa mtazamaji wa kawaida. Angalia tu ulipovutika na ulipopoa. Msomo wa pili uwe na kalamu.

Kabla ya kutoa hukumu yoyote, msimulie mwandishi hadithi yake kwa maneno yako: "Nilivyoelewa, huyu binti anakwenda mjini ili arudishe pesa za kikoba alizotunza mama kabla kikoba hakijavunjwa, na anachoogopa zaidi ni aibu ya mama. Nimeelewa sawa?" Akikujibu "hapana, mimi nilikusudia habari ya ndugu wawili waliopoteana", umemwonyesha jambo kubwa bila kumkosoa hata kidogo: alichokikusudia hakijafika kwenye karatasi. Na akikubali, nyote mnajua mnazungumzia hadithi ileile. Mabishano mengi ya maoni huanza kwa sababu msomaji anakosoa filamu iliyo kichwani mwake na mwandishi anaitetea iliyo kichwani mwake, nazo ni mbili tofauti.

Hatua ya 3: Tafuta nguzo za wazo

Wazo linalobeba filamu hujibu maswali haya: Ni nani? Anataka nini? Nani anamzuia? Akishindwa, anapoteza nini? Na kwa nini leo, si mwaka jana wala mwakani?

Pitisha mfano wetu. "Msichana kutoka kijijini": hatumjui. Kijiji gani, umri gani, anafanya nini akiwa huko? Tofauti kati ya binti anayeuza samaki Kilwa Masoko na binti aliyeacha chuo cha ualimu Korogwe ni tofauti ya filamu nzima, kwa sababu kila mmoja ataligonga geti la mjini kwa namna yake. Usimwombe mwandishi wasifu wa kurasa tano. Mwombe jambo moja la mhusika litakalomfanya atende tofauti na mtu mwingine aliye kwenye shida ileile.

"Kumtafuta kaka": hapa pana kitu. Shabaha inaonekana kwa macho na kamera inaweza kuifuata. Mwambie hivyo waziwazi. Kilicho imara kitajwe, maana asipoambiwa anaweza kukibomoa kwenye marekebisho.

"Changamoto nyingi": hili ndilo neno la kuzungushia duara kila ukiliona. Changamoto haina uso. Haina nia, haiamki asubuhi kupanga jambo la kumkwamisha binti wa watu. Uliza ni nani hasa hataki kaka apatikane. Kaka mwenyewe? Mtu aliyemkopesha? Mwanamke anayeishi naye, ambaye ana mimba na anaamini pesa zile ni za mahari? Mpinzani mzuri ana sababu ambayo hata mtazamaji angeielewa. Ndugu wa changamoto ni "kutafuta maisha", "misukosuko ya mapenzi" na "anajifunza somo kubwa". Yakitokea kwenye wazo, jua kuna sini (vipande vya hadithi kwenye skrini) tano ambazo mwandishi bado hajaziwaza.

"Mwisho anafanikiwa": kufanikiwa kufanya nini? Kupata pesa, kumpata kaka, au kupata kazi ya saluni Sinza na kusahau yote mawili? Kila jibu ni filamu nyingine.

Kuhusu "kwa nini leo", mwandishi wetu ana bahati, jibu limo ndani ya alichokisimulia kwa mdomo. Kikoba huwa na siku ya kuvunjwa, aghalabu mwishoni mwa mwaka, wanachama wanapogawana hisa zao na faida ya mikopo. Siku hiyo haisogei kwa ajili ya mtu. Kina mama wameshaahidi ada za Januari, bati za kuezekea, sare za watoto. Saa inayogonga, yaani muda unaokwisha, aliitafuta mbali, kumbe iko nyumbani kwao. Hilo mwonyeshe.

Hatua ya 4: Chunguza ukweli wa mahali

Hatua hii wengi huiruka, nami naithamini kuliko nyingine, kwa kuwa swali la "hii inawezekanaje?" likiulizwa kwa nia njema huzaa hadithi.

Tazama kikoba. Kwa utaratibu uliozoeleka, sanduku la kikundi hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, mbali na yule anayelitunza sanduku. Sasa, kaka alilifunguaje? Akivunja kufuli, wizi umejulikana asubuhi ileile na kijiji kizima kimeshafika mlangoni. Akiwa hakuvunja, basi kuna watu waliompa funguo. Nani? Kwa ajili gani? Msomaji mwenye haraka angeandika "hapa hapana uhalisia" na kufunga ukurasa. Msomaji mwema anauliza swali la funguo, na ghafla mwandishi ana siri, ana washirika, ana mwanamke mmoja kwenye mkeka wa kikao anayekwepa macho ya wenzake. Vikundi vingine siku hizi vinaweka pesa kwenye simu, na huko wizi hufanyika kwa njia nyingine kabisa. Mwandishi achague, lakini achague akijua.

Mfano mwingine ni wa wazo linalorudi kila msimu: mjane anafukuzwa na shemeji baada ya mume kufa. Kwa Tanzania, anayetaka kusimamia mirathi kwa njia ya kimila au ya Kiislamu hupitia Mahakama ya Mwanzo, na huko kwa kawaida hutakiwa muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza yeye, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Basi muulize mwandishi: kikao kilikaa lini? Mjane aliitwa? Ile sahihi yenye jina lake ni ya nani? Kama hadithi iko Kenya, swali la jirani yake ni juu ya barua ya chifu inayotaja warithi: chifu aliandika majina ya nani, na nani aliachwa? Karatasi moja kama hiyo inaweza kuendesha nusu ya filamu, na inampa mjane jambo la kufanya badala ya kulia.

Kama hujui mahali panapohusika, usijifanye unajua. Sema: "Mimi si mtu wa Pemba, tafuta mtu wa Pemba akusomee sehemu hii." Hayo nayo ni maoni yenye faida.

Hatua ya 5: Pima katikati

Mwanzo na mwisho hupatikana kwa urahisi. Filamu nyingi hufia katikati. Enzi za VCD, muvi nyingi za Bongo ziliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, na hadithi ya saa moja ikanyooshwa izidi saa mbili. Tulitazama gari likipiga honi, geti likifunguliwa, gari likiingia, mtu akishuka, akipanda ngazi. Watazamaji walilalamika, na walikuwa na haki.

Kipimo changu ni chepesi. Mwombe mwandishi ataje mambo matano yatakayotokea kati ya binti kushuka stendi na binti kukutana na kaka, kila moja likisababishwa na lililotangulia. Akitaja matano ambayo yangeweza kupangwa kwa mpangilio wowote (anaibiwa simu, anapata kazi baa, anaugua, anapendwa na tajiri, anaonewa na bosi), hiyo ni orodha ya mikasa. Bado haijawa hadithi. Akisema "anaibiwa simu, kwa hiyo anapoteza namba ya mtu pekee anayejua kaka alipo, kwa hiyo inambidi amrudie yule mkopeshaji aliyemkimbia", injini imeshawaka.

Kwa tamthilia kipimo kinabadilika. Swali kuu la hadithi halihitaji kujibiwa haraka. Linahitaji kufunguka upya kila kipindi. Wazo la binti na siku chache kabla ya kuvunja kikoba ni filamu. Wazo la kikoba chenyewe, wanawake thelathini wenye madeni na siri zao, linaweza kuwa tamthilia. Ukiona mwandishi ameleta moja ndani ya vazi la nyingine, mwambie mapema.

Hatua ya 6: Pima vizuri kabla ya kusema "imeshafanywa"

Kusema hadithi imeshafanywa ni rahisi na mara nyingi ni kweli. Tatizo ni kwamba haimsaidii mtu. Kijana anayetoka bara kwenda mjini kutafuta ndoto amesimuliwa kwa miongo. Hata hivyo mwaka 2012 Kenya ilitoa Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, yenye mifupa ileile: kijana anakwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ya kwanza. Kilichoitenga na wenzake ni kwamba anaingia kwenye genge la wezi wakati huohuo anapopata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani, akawa anaishi maisha mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Mifupa ni ya wote. Ule mgongano ni wake.

Kwa hiyo usiseme imeshafanywa. Sema: "Hadithi za binti kuja mjini tumezizoea, na mtazamaji atadhani anajua kinachofuata. Kwako naona kitu ambacho sijakiona kwingine: kikoba, funguo tatu na siku ya kuvunja. Kwa nini hakipo kwenye sentensi ya kwanza?" Na kama kweli hukuona kitu kipya, uliza ni nani mwingine ndani ya hadithi hiyohiyo angeweza kuwa mhusika mkuu. Mara nyingi mama aliyebaki nyumbani akihesabu siku ana filamu kubwa kuliko binti aliyepanda basi.

Hatua ya 7: Bajeti na kibali, kwa kifupi

Yaseme, lakini yaseme mwisho. Wazo likianza kupimwa kwa pesa kabla halijasimama, linakufa likiwa changa. Angalia mambo machache: idadi ya lokesheni (mahali pa kupigia picha), umati wa watu, usiku mwingi, hadithi ya miaka ya nyuma inayodai magari na mavazi ya enzi hizo. Kwa Tanzania, upigaji wa filamu unahitaji kibali cha Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na skripti huambatanishwa kwenye maombi; kama wazo linagusa dini, siasa au watoto, mkumbushe mwandishi ajipange kwa maswali. Basi.

Hatua ya 8: Andika maoni yenyewe

Yawe mafupi, yasizidi ukurasa. Anza na unachokiona kuwa moyo wa hadithi, kisha mambo mawili au matatu makubwa yanayokwamisha, kisha maswali. Makosa ya tahajia yaache. Ukimpa mtu kasoro kumi na tano, atarekebisha zile ndogo kumi na mbili kwa sababu ni rahisi, na zile tatu zitabaki.

Chunga vitenzi vyako. "Ungefanya afe mwishoni" ni kuandika filamu ya mwenzako. "Nilipofika mwisho sikuogopa kwamba angeshindwa" ni kumpa habari ya kilichotokea ndani ya msomaji, naye atajua la kufanya. Ukiwa na pendekezo linalokuwasha, lipe mara moja, kama mfano, na uliachilie.

Umri nao una nafasi yake. Aliyekuzidi umri au aliyekufundisha kazi humwendei kwa "hapa umekosea". Swali linabeba heshima na ukweli kwa pamoja: "Naomba unisaidie kuelewa, mwalimu, kaka alipata wapi funguo?" Kwa mdogo wako, epuka sauti ya mhubiri.

Kwa wazo letu, ningeandika hivi:

"Dada yangu, habari za kazi. Asante kwa kuniamini na hadithi yako. Kilichonishika ni ulichonieleza juu ya shangazi na kikoba. Naona hicho ndicho moyo, na kwenye maandishi hakimo. Binti kumtafuta ndugu yake mwenyewe ni shabaha nzuri, ibaki. Mambo mawili yamenikwamisha. La kwanza, simwoni anayemzuia. 'Changamoto' sikuweza kuipa sura. La pili, sijajua kwa nini lazima afanikiwe wiki hii. Maswali yangu: sanduku lilifunguliwaje bila kufuli kuvunjwa? Mama anajua nini ambacho hajamwambia binti? Kaka anaamini pesa zile ni haki yake, au anajua ameiba? Usinijibu mimi, ukipata jibu linalokusisimua, liandike tu. Mengine tutaongea ukiwa tayari."

Inatosha. Kama mnaweza kuonana, soma ulichoandika ukiwa naye, maana ujumbe wa maandishi hauna uso na "sikuelewa" inaweza kusomeka kama dharau.

Hatua ya 9: Baada ya kutuma

Mwandishi akianza kujitetea, nyamaza usikilize. Ndani ya utetezi wake mara nyingi kuna maelezo ambayo yalipaswa kuwa kwenye wazo. Mwulize tu: "Hilo ulilosema sasa, liko wapi kwenye karatasi?" Akikataa maoni yako yote, ni haki yake, kwa kuwa jina litakalosomeka kwenye filamu ni lake.

Halafu kuna amana. Hakimiliki hulinda maandishi na kazi iliyokwisha kufanywa. Wazo tupu halilindwi. Ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001. Maana yake, aliyekusimulia wazo lake amejiweka mikononi mwako bila kinga nyingi ya sheria. Usilisambaze, usilisimulie kwenye meza ya chai, hata kwa kulisifu. Kama wewe mwenyewe unaandika kitu kinachofanana, mwambie kabla hujasoma na umrudishie bila kufungua. Na mapendekezo uliyotoa ni zawadi. Usije ukadai jina kwenye filamu kwa sababu ya swali la funguo. Ukiona mchango wako unaanza kuwa wa mwandishi mwenza, mkubaliane kwa maandishi mapema, kabla pesa haijaingia.

Wazo likirudi limeandikwa upya, lisome kama la mtu usiyemjua. Chukulia limerudi hivi: "Zikiwa zimebaki siku sita kikoba cha Kilwa kivunjwe, binti wa mweka hazina anamfuata Dar es Salaam kaka yake aliyetoroka na akiba ya wanawake thelathini, akimpata, anagundua kwamba aliyempa funguo na nauli ni mama yao." Usiangalie ni mangapi kati ya uliyoshauri yamefuatwa. Anza tena hatua ya pili: msimulie ulivyoelewa, kisha muulize mama alizihitaji pesa zile kwa ajili gani.